Safari ya Qingdao, Mji wa Pwani katika China Kaskazini

  Wenye penseli na madaftari wayaweke tayari. Kama pana ramani ya dunia ukutani, mwalimu asimame karibu nayo, maana leo twaenda mbali.

Siku hizi wengi wetu tuna ndugu au jirani aliyepata kwenda China. Huyu amefuata bidhaa, yule amefuata masomo. Wafanya biashara wengi huishia kusini, huko Guangzhou, penye joto kama la kwetu. Leo twende kaskazini, penye theluji wakati wa baridi, katika mji wa pwani uitwao Qingdao. Andikeni jina hilo: Q, I, N, G, D, A, O. Herufi ya kwanza hatunayo katika Kiswahili. Wachina, wanapoandika lugha yao kwa herufi kama zetu, huitumia kwa sauti iliyo karibu na ch. Basi someni pamoja: Chingdao. Maana yake ni kisiwa cha kijani, na kisiwa chenyewe kipo, tena kidogo tu, kina mnara wa taa, mbele ya ufuko wa mji.

Mwalimu, tafuta Beijing, mji mkuu wa China. Ukishuka kusini na mashariki yake utaona nchi imechomoza baharini kama kidole. Hiyo ni rasi ya Shandong. Rasi ni nchi kavu iliyoingia baharini. Ghuba ni bahari iliyoingia katika nchi kavu. Msiyachanganye maneno haya mawili. Qingdao uko upande wa kusini wa rasi hiyo, kwenye mlango wa Ghuba ya Jiaozhou, na bahari inayoupakana huitwa Bahari ya Manjano.

Mgeni akitoka Beijing kwa treni ya mwendo wa kasi hufika kwa saa tatu na zaidi kidogo. Aliyekuja kwa ndege hushuka katika kiwanja kipya kilichofunguliwa mwaka 2021. Pasipoti na viza ni lazima, hilo mwalijua. Ila jambo moja nawaambia mapema: nguo. Mwezi wa Januari maji huganda, na upepo wa kaskazini huingia mpaka mifupani. Nao wana kaskazi yao na kusi yao. Kaskazi yao ndiyo yenye baridi. Toka Aprili mpaka Julai mara nyingi ukungu hutoka baharini ukafunika mji usiione hata nyumba ya pili. Wakati mzuri wa bahari ni Agosti, na ndio wakati ambao Wachina wenyewe hujaa ufukoni. Mji huo na wilaya zake ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 10 mwaka 2020, kwa hiyo msitazamie upweke.

Sasa tutembee. Tuanzie kwenye gati la zamani liitwalo Zhanqiao. Ni njia ya mawe iliyoingia baharini kiasi cha mita 440, na mwisho wake pana kibanda chenye pembe nane. Picha yake imo katika karatasi ya chupa za bia ya mji huo, na bia hiyo inauzwa nchi nyingi. Gati lilijengwa mwaka 1892, wakati mfalme wa China alipoweka askari hapo walinde ghuba. Kabla ya hapo palikuwa na vijiji vya wavuvi na soko dogo.

Ukisimama mwisho wa gati ukageuka kutazama mji, utaona kitu cha kukushangaza. Juu ya vilima, katikati ya miti, pana nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae vyekundu, na kanisa lenye mnara wa saa. Msikilizaji wa Dar es Salaam atasema: mbona hizi nazijua? Atafikiri lile kanisa la Kilutheri la Azania, mbele ya bandari. Hajakosea. Waliojenga huku na waliojenga kule ni watu wale wale, Wajerumani, tena katika miaka ile ile. Kanisa la Azania lilimalizika mwaka 1902. Lile la Qingdao mwaka 1910. Ndiyo sababu nimechagua mji huu kwa somo la leo, ingawa China ina miji mingi ya pwani.

Ilikuwaje? Mwezi wa Novemba 1897 mapadri wawili wa Kijerumani waliuawa usiku katika kijiji kimoja cha Shandong, mbali na bahari. Serikali ya Ujerumani ilikuwa imekwisha kuitamani ghuba ile kwa ajili ya manowari zake, nayo ikapata kisingizio. Tarehe 14 ya mwezi huo huo manowari zilishusha askari. Wachina waliokuwa pale walidhani wageni wamekuja kufanya mazoezi tu. Walipotambua, walikwisha kuamriwa waondoke, na mji ukatwaliwa bila risasi kulia. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Machi 1898, China ililazimishwa kutia sahihi mkataba wa kuwakodisha Wajerumani ghuba na nchi inayoizunguka kwa miaka 99.

Hapa sikilizeni vizuri, maana habari hii ni ya ardhi, na ardhi ni jambo linalomgusa kila mtu aliye darasani. Mwezi wa Septemba 1898 Wajerumani walitoa amri: mwenyeji asiuze shamba lake kwa mtu yeyote ila kwa serikali, na bei ni ile ya zamani, ya kabla ya wao kuja. Serikali ikanunua, ikapima viwanja, ikaviuza kwa mnada. Aliyenunua alitozwa kila mwaka kodi ya sehemu 6 katika kila 100 ya thamani ya kiwanja. Akiuza kwa faida, theluthi moja ya faida ilikwenda serikalini. Chukueni penseli. Tuseme kiwanja kilinunuliwa kwa fedha 100, kikauzwa kwa fedha 400. Faida ni ngapi? Ni 300. Theluthi yake? Ni 100.

Wataalamu wa Ulaya waliisifu sana kodi hiyo, wakasema inazuia walanguzi. Hata Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi yaliyomwondoa mfalme wa China, alipotembelea Qingdao mwaka 1912 aliusifu mpango wa mji. Mimi pia naona ilikuwa na akili ndani yake. Lakini mvuvi aliyeuza kwa bei ya zamani hakuwemo katika hesabu ile ya faida. Kijiji chake kilibomolewa. Sehemu nzuri ya ufukoni, inayopata upepo, ikawa ya Wazungu. Wachina wakapangiwa mitaa yao upande wa kaskazini. Barabara zilikuwa safi, na mifereji ya maji ya mvua ilitengwa na ile ya maji machafu, kazi ambayo miji mingi haikuwa nayo wakati ule. Mambo yote mawili ni kweli, na mgeni akionyeshwa moja tu ameonyeshwa nusu.

Reli nayo. Walianza kuijenga mwaka 1899, ikafika Jinan, mji mkuu wa Shandong, mwaka 1904, karibu kilomita 400. Huko Gaomi, njiani, wakulima waling'oa vigingi vya wapimaji. Waliona tuta la reli litaziba njia ya maji na mashamba yao yatafurika, na makaburi ya wazee wao yatapitiwa. Askari wakapelekwa, watu wakauawa. Mwaka mmoja baada ya reli hiyo kumalizika, Wajerumani hao hao walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, na mwaka huo huo wa 1905 Vita vya Maji Maji vilizuka kusini mwa Tanganyika.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajapani, wakisaidiwa na Waingereza, waliuzingira Qingdao, na Wajerumani wakasalimu amri tarehe 7 Novemba 1914. Watu wa Tanga, mwezi huo mnaujua. Siku mbili tu kabla yake mapigano ya Tanga yalikuwa yamekwisha, na huko Wajerumani ndio walioshinda. Kisha kila upande ukatafuta mabega ya kubebea mizigo. Kwetu laki nyingi za watu walichukuliwa upagazi, na makumi ya maelfu hawakurudi. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Kwao, Wachina kama 140,000 walipelekwa Ufaransa kuchimba mahandaki, kupakua meli na kutengeneza njia. Wengi wao walikuwa wakulima wa Shandong, na wengine walipandia meli hapo hapo Qingdao.

Vita ilipokwisha, Wachina walitumaini kurudishiwa ghuba yao, kwa kuwa walikuwa upande ulioshinda na watu wao walikuwa wamefanya kazi. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawapa Wajapani. Habari ilipofika Beijing, tarehe 4 Mei 1919, wanafunzi zaidi ya 3,000 waliingia barabarani wakipiga kelele kwamba Qingdao irudishwe. Wafanya biashara wakafunga maduka, wafanya kazi wakagoma, na wajumbe wa China wakakataa kutia sahihi. Mkataba ule ule uliwanyang'anya Wajerumani Tanganyika, nayo haikurudishwa kwa wenyewe. Mwaka 1922 ilithibitishwa kuwa chini ya Waingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Qingdao ilirudishwa China mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 1922. Wajapani waliushika tena mji tangu 1938 mpaka 1945, lakini hiyo ni habari nyingine.

Leo, upande wa mashariki wa mji, penye majumba marefu, pana uwanja ulioitwa kwa siku hiyo ya tarehe 4 Mei. Katikati pamesimamishwa sanamu nyekundu yenye urefu wa mita 30, imezunguka kama upepo wa kimbunga. Watu hupiga picha hapo na watoto huendesha tiara. Mgeni asiyejua historia hudhani ni pambo tu.

Basi, tumechoka kutembea, tukale. Watu wa Shandong ni watu wa ngano: mikate mikubwa ya mvuke, tambi, na vitumbua vya unga vilivyofungwa nyama au samaki ndani, vikachemshwa. Hapo Qingdao samaki huyo mara nyingi ni wa jamaa ya nguru wetu. Nguru wa kwanza wanapopatikana majira ya kuchipua, ni desturi mume ampelekee baba mkwe wake samaki mzima, tena mnene. Mzee hutazama kwanza ukubwa wake! Kombe wadogo wa mchangani hukaangwa kwa pilipili, nao huliwa mitaani jioni. Bia, ambayo kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1903, huuzwa pia kwa uzani katika mifuko ya nailoni, na utamwona mzee akirudi nyumbani ameushika mfuko wake kama aliyenunua maziwa. Mwislamu aulize kwanza, kwa kuwa nguruwe huliwa sana. Maduka ya tambi za nyama ya ng'ombe yanayoendeshwa na Waislamu wa China hupatikana. Malipo mengi ni kwa simu, jambo ambalo kwetu si geni tena.

Akina mama wa Paje na Jambiani, mnaolima mwani, hii ni yenu. Karibu kila mwaka, kiangazi kinapoingia, mwani wa kijani huletwa na mkondo ukafunika fuo za Qingdao kama shamba la majani. Mwaka 2008, mashindano ya mashua ya Olimpiki yalipokuwa yanakaribia kufanyika huko, maelfu ya askari, wavuvi na wananchi waliingia kuuzoa kwa mikono, kwa nyavu na kwa mashua. Wataalamu walipofuata asili yake waliona sehemu kubwa yatoka mbali kusini, pwani ya Jiangsu, ambako watu hulima mwani wa chakula. Mwani wa kijani huota juu ya kamba na miti ya shamba. Mkulima akiisafisha, ule wa kijani huanguka baharini, nao haufi, huelea na kuongezeka njia nzima. Hivyo mtu wa Jiangsu asafisha kamba zake, na mtu wa Qingdao azoa ufuko wake.

Mwenye siku ya ziada na aende Laoshan, mlima wa kilomita moja na zaidi kwenda juu, ulioinuka pale pale baharini. Mawe ya majengo mengi ya mji yalitoka huko. Kuna mahekalu ya kale, chemchemi za maji matamu, na mashamba ya chai. Chai hiyo ililetwa kutoka kusini katika miaka ya 1950, na wengi hawakuamini kwamba itastahimili baridi.

Muda wetu unakaribia kwisha. Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja amtafute mzee wa mahali pake, amwulize juu ya jengo moja au njia moja ya zamani, iwe boma, kanisa, msikiti, daraja au reli: mawe yalichukuliwa wapi, nani aliyeyabeba, na kabla ya hapo palikuwa na shamba la nani. Andikeni mistari kumi, kwa wino mkiweza, mmpe mwalimu aisome darasani kabla ya kipindi kijacho. Wasioweza bado kuandika mistari kumi waandike mitatu. Kwaherini.