Bando kidogo, programu salama

Uko sokoni Kyuso, bando imebaki kidogo, na simu inakwambia programu yetu imetoka toleo jipya. Rafiki anasema, "Usimalize bando, nikutumie faili kwa WhatsApp." Ngoja kwanza.

Tukimaliza kutengeneza toleo jipya, hatulitumi simu kwa simu. Tunaliweka mara moja kwenye ghala moja, Play Store, likiwa na sahihi yetu ya kidijitali. Mara nyingi ghala hilo hukupa zile sehemu zilizobadilika tu, si programu nzima. Kwa hivyo kusasisha kunaweza kula bando ndogo kuliko ulivyodhani.

Faili ya WhatsApp huwezi kujua imepitia mikono ya nani. Simu ya Android hukagua sahihi: ikiwa si ile ya mwanzo, inakataa kuweka toleo hilo juu ya programu uliyo nayo. Tapeli anajua hilo, ndiyo maana atakwambia, "Futa ile ya zamani kwanza." Ukisikia hivyo, achana naye. Ukiweka yake kisha uandike namba ya siri, umempa ufunguo wa pesa zako.

Fanya hivi: fungua Play Store, tafuta programu yetu, bonyeza kusasisha. Bando ikikosa, subiri upate Wi-Fi. Kama tayari uliweka faili ya kutumiwa, iondoe, utupigie leo kwa simu nyingine tukusaidie kubadilisha namba ya siri.