Ua Kifuani: Taashira ya Mimea katika Kuwakumbuka Askari

Mtahiniwa akiulizwa maana ya ua jekundu katika shairi la vita, aghalabu hujibu kwa neno moja: damu. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu ya jibu. Taashira haijengwi na rangi pekee. Hujengwa pia na tabia ya kitu chenyewe, historia yake na mapatano ya jamii inayokitumia.

Tuchukue ua la popi, ambalo Waingereza hulivaa kifuani kila Novemba. Mbegu za popi huweza kulala ardhini miaka mingi zikisubiri udongo utifuliwe. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mizinga na uchimbaji wa makaburi uliutifua udongo wa Ubelgiji na Ufaransa, na popi zikachipuka pale pale walipozikwa watu. John McCrae, daktari wa jeshi kutoka Kanada, aliyatungia maua hayo shairi mwaka wa 1915. Mwalimu Mmarekani, Moina Michael, alilisoma mwaka wa 1918 akaanza kulivaa ua hilo, na kufikia 1921 lilikuwa likiuzwa Uingereza kuwachangia askari waliorudi vitani. Popi basi ni damu, naam, lakini pia ni uhai uliochipuka kwenye udongo uliojeruhiwa. Tena popi ya aina nyingine ndiyo itoayo afyuni, kwa hivyo hata usingizi umo. (Afyuni kwa jina jingine ni kasumba, neno ambalo leo tunalitumia kwa fikra potofu zilizomkaa mtu kichwani. Mwalimu asilipite hivi hivi.) Wafaransa nao huvaa ua la buluu, bleuet, lililoota katika medani zizo hizo. Damu iko wapi hapo?

Mwanafunzi wa Mosocho ana mifano ya karibu zaidi. Wakipsigis, majirani zetu wa mashariki, humvika mshindi mtambaa uitwao sinendet. Wanariadha warudio na medali tumewaona nao shingoni. Majirani wa upande wa ziwa, Waluo, hujifunga majani ya kutambaa katika tero buru, wakiswaga ng'ombe na kuinua mikuki kukifukuza kifo kama adui. Mwilini ni majani mabichi kwa wote, lakini huku ni shangwe na kule ni matanga. Muktadha ndio unaotenganisha.

Septemba 1914 Wajerumani waliingia mji wa Kisii wakapigana na kikosi cha KAR. Katika vita hivyo vilivyoendelea hadi 1918, vijana wengi wa nchi hii walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Hesabu rasmi ya wachukuzi waliokufa Afrika Mashariki ilipita 40,000, wengi kwa maradhi. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, lakini makaburi ya wengi hayajulikani. Popi ni ua la kaburini. Mchukuzi aliyeachwa kando ya njia aliotewa na ua gani? Hapo mhakiki ana hoja nzito: mshairi akilitaja popi katika utungo kuhusu mchukuzi, huenda anakejeli.

Darasani, waombe wanafunzi wamtafutie mchukuzi huyo mmea wake. Wengi watautaja omotembe, ambao huchanua maua mekundu matawi yakiwa hayana majani. Wakubalie, kisha uwaulize kwa nini matawi hayo ni matupu.