OFISI YA KUWATAFUTIA WATU KAZI

Sisi wa kidato cha tatu tumebakisha mwaka mmoja tu tutoke shuleni. Hapa Kwanza, ukimaliza fomu fo, jamaa hawakawii kukuuliza, "Sasa umepata kazi wapi?" Wengi huamini kazi hupatikana kwa kujuana au kwa kutoa kitu kidogo. Wachache wanajua kwamba serikali ina ofisi za kuwasaidia watu kupata kazi bila malipo. Hizo ndizo nitakazozieleza.

Enzi za mkoloni mambo yalikuwa kinyume. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya masetla, na serikali iliwatafutia masetla vibarua. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka akiwataka maofisa wake wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba hayo. Wanaume Waafrika kuanzia miaka 16 walilazimishwa kubeba kipande, ambamo mwajiri aliandika habari za kazi yao. Hebu fikirini, wavulana wengi wa darasa letu wangekuwa nacho tayari!

Mwaka 1948 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba nambari 88, unaotaka kila nchi inayoukubali iwe na huduma ya ajira ya umma isiyotozwa pesa. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 2016 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira chini ya Wizara ya Kazi.

Je, ofisi ya ajira hufanya kazi vipi? Kwanza, mtafuta kazi hujiandikisha. Hutoa kitambulisho, vyeti vyake na namba ya simu, na kueleza ujuzi alio nao. Hapa ndipo vijana wengi huharibu mambo. Ukiulizwa unataka kazi gani ukajibu, "Yoyote tu," karani atakulinganisha na nini? Sema waziwazi: naendesha trekta, nachomelea vyuma, nashona nguo, najua kuweka hesabu za duka.

Pili, mwajiri mwenye nafasi huipeleka habari ofisini. Tatu, maofisa hulinganisha pande hizo mbili na kumtuma anayefaa akahojiwe. Mwajiri ndiye anayeamua. Asiye na ujuzi hushauriwa, kwa mfano aende chuo cha ufundi kwanza.

Lakini tusidanganyane. Ofisi hizi hazitengenezi kazi. Mwenye shamba akitaka watu wa kuvuna mahindi humwambia mfanyakazi wake tu, naye huwaita ndugu zake. Mwajiri asipopeleka habari, daftari la ofisi hubaki na majina ya watafuta kazi pekee. Kwa hiyo yule asiyekuwa na mjomba mahali ndiye anayeumia. Kwa maoni yangu, waajiri wa Kitale na Bungoma wangepeleka nafasi zao huko, mtoto wa maskini naye angepata pa kuanzia.

Kuna pia mawakala wa kibinafsi, hasa wanaopeleka watu Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007 inataka wasajiliwe. Jirani yetu mmoja alimpa wakala pesa za kuuza ng'ombe ili kijana wake apate kazi ya ulinzi. Kazi haikuonekana, wakala naye akayeyuka kama chumvi majini. Laiti angeuliza kwanza katika ofisi ya leba kama mtu huyo amesajiliwa! Kuuliza si ujinga.

Wenzangu, tukipata vitambulisho twende tukajiandikishe, huku tukijifunza ufundi. Na mtu akikudai pesa ili akuandikishe katika ofisi ya serikali, jua huyo anakuibia. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.