Kwa nini kiakisi cha kupimia antena huwekewa meno ukingoni?

Juu ya mapaa ya Lubaga, magharibi mwa jiji la Kampala, madishi ya televisheni yameelekezwa kwenye setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwa umbali huo, wimbi la redio hufika likiwa bapa kama karatasi iliyonyooshwa.

Anayepima antena hana budi kuigiza hali hiyo. Dishi lenye kipenyo cha mita 1, linalotumia masafa ya gigahezi 12, lapaswa kuwa mita 80 hivi kutoka kwenye chanzo cha mawimbi. Dishi la mita 2.4 huhitaji zaidi ya mita 460. Katika mtaa uliosongamana kama Lubaga, mabati, kuta na minara ya simu vingevuruga kipimo hicho.

Tangu miaka ya 1960, wahandisi wamekuwa na njia ya mkato: chumba kilichofungwa, chenye kiakisi kikubwa kilichopinda. Kiakisi hicho huligeuza wimbi la duara kuwa bapa ndani ya mita chache. Mahali ambapo wimbi hilo ni sawasawa huitwa eneo tulivu, na hapo ndipo antena inayopimwa huwekwa.

Tatizo la ukingo

Mawimbi ya Ziwa Victoria yanapofika ncha ya gati, hupinda na kutawanyika. Mawimbi ya redio hufanya vivyo hivyo kiakisi kinapokoma ghafla. Sehemu ya nishati huingia katika eneo tulivu, ikaliongeza nguvu wimbi kuu hapa na kulipunguza pale. Kosa la desibeli 1 tu ni tofauti ya takriban asilimia 26 ya nguvu.

Suluhisho la kwanza ni kuukata ukingo uwe na meno marefu ya pembetatu. Meno hayo hupunguza wimbi hatua kwa hatua na kuelekeza mtawanyiko kando. Lakini sharti yawe marefu kuliko wimbi lenyewe mara kadhaa. Kwa gigahezi 2, wimbi moja lina sentimita 15.

Suluhisho la pili ni kuukunja ukingo kwa nyuma, ili uso usiwe na mwisho mkali. Hapo kiakisi huwa kikubwa zaidi, na nishati nyingi huenda ukutani, ambako lazima imezwe na sponji za kaboni zenye umbo la piramidi.

Gharama ya kukosea

Dishi la nyumbani halihitaji meno, kwani kazi yake ni kukusanya mawimbi tu. Kiakisi cha maabara ni mizani. Uganda ilirusha setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, Novemba 2022. Chombo kama hicho kikishafika angani, antena yake haishushwi tena kurekebishwa. Kosa lisiloonekana chumbani hugunduliwa wakati hakuna tena mkono unaoweza kulifikia.