Oili Chafu Haiokoi Mbao

Limerudi tena swali lilelile, na safari hii linatoka kwa watu wanaounda trela ndogo za kulala majumbani mwao: fundi, nikishamaliza kupiga mbao, nipake oili chafu mikono mingapi ndipo zisioze wala zisiliwe na mchwa? Usipake hata mkono mmoja. Jibu hili nimelitoa kwa mdomo mara nyingi mno. Leo nalieleza kwa urefu kwa sababu inaniuma kuona mtu ametumia miezi na akiba yake kuunda kitu kizuri, halafu siku ya mwisho akakiharibu kwa kopo la bure kutoka gereji.

Hamu yenyewe naiunga mkono kabisa. Sanduku la plaiwudi lenye godoro ndani na jiko dogo nyuma, likavutwa na gari la kawaida, linampeleka mtu wa Kisiwani Mombasa na watoto wake Watamu au Tsavo bila kulipia chumba cha hoteli. Marekani watu wamekuwa wakiziunda trela hizi nyumbani tangu miaka ya 1930. Hakuna sababu fundi wa Majengo au Kibokoni ashindwe.

Wanaotetea oili chafu huanza na majahazi. Husema wazee walipaka vyombo vyao sifa na vyombo vikadumu, basi mafuta ni mafuta. Hoja hii utaisikia kwenye kila baraza kutoka Mlango wa Papa hadi Bandari ya Kale, na kila kipande chake kina kasoro.

Sifa ni mafuta ya samaki, hasa ya ini la papa. Mafuta ya samaki yakikutana na hewa huanza kushikana na kukauka polepole, mpaka yakaacha utando juu ya ubao. Oili ya injini ni mafuta ya madini yaliyotengenezwa makusudi yasigande wala kukauka hata ndani ya mashine inayowaka moto. Ukiipaka leo, mwakani bado ni mafuta: yanashika vumbi, yanachafua nguo, na mvua inayasukuma kidogo kidogo mpaka mferejini, kisha baharini. Hayo mawili kuitwa mafuta hakuyafanyi kuwa kitu kimoja.

Tena sifa haikuwa ikifanya kazi peke yake. Chombo kilipandishwa pwani, kikakwanguliwa, kalafati ikakaguliwa mshono kwa mshono, chini kikapakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo ilirudiwa maisha yote ya chombo. Na mbao zake zilikuwa msaji, mvule, mbambakofi, miti ambayo kiini chake kina kemikali za asili zinazowachukiza kuvu na wadudu. Wewe umenunua saipresi changa, nusu yake ni ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo isiyo na kinga yoyote, unataka kuilinganisha na msaji wa Malabar?

Jambo kubwa zaidi, ambalo watetezi wa oili hawaligusi kabisa, ni chumvi. Ubao wa chombo huogopa maji ya mvua kuliko maji ya bahari. Chumvi huwazuia kuvu wanaoozesha mbao, ndiyo maana jahazi huanza kuoza juu, penye sitaha na pembe ambamo maji ya mvua hutuama. Wajenzi wa meli za mbao Marekani katika karne ya 19 walikuwa wakijaza chumvi baina ya mataruma kwa sababu hiyohiyo. Trela yako haiogeshwi na bahari. Inanyeshewa na mvua za masika, na Mombasa mwezi wa Mei haina huruma.

Anayetaka ushahidi wa namna mbao zinavyodumu, anao papa hapa mbele ya Ngome ya Yesu. Meli ya Kireno Santo António de Tanna ilizama hapo mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa. Ilipochimbuliwa baina ya 1977 na 1980, sehemu ya chini ya chombo ilikutwa bado ipo, karibu miaka 280 baadaye. Iliyofunikwa na tope ilisalimika kwa sababu hewa haikuifikia. Iliyobaki wazi iliteketea, na bungua wa baharini walikula sehemu yao. Kuvu huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Kimojawapo kikikosekana, hakuna kuoza. Kwenye trela huwezi kuondoa hewa, kwa hiyo kazi yako yote ni kuondoa maji. Milango ya mtaa wa Ndia Kuu inafuata kanuni hiyohiyo: kiini cha mti mgumu, kizingiti kilichoinuliwa, hewa inapita pande zote mbili. Ukiona mlango wa zamani umeoza, tazama chini, pale maji yalipopata pa kukaa.

Sasa watu huniambia: lakini hewa ya Mombasa yenyewe ni maji matupu! Si kweli kwamba unyevu wa hewa pekee unaozesha mbao. Mbao zilizokaushwa vizuri, zikikaa kivulini hapa kwetu, hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 15. Kuvu hawaanzi kazi mpaka unyevu upande juu ya asilimia 20 na kubaki huko. Tofauti hiyo inaletwa na uvujaji: msumari uliolegea, ukingo wa plaiwudi ulioachwa wazi, dirisha lisilo na mdomo wa kudondoshea maji. Oili haizibi hata kimojawapo. Inaingia milimita moja au mbili usoni mwa ubao, huku maji yakipita kwenye ncha na viungo. Na kibaya kuliko vyote, ubao uliokunywa oili haukubali tena gundi, rangi wala silikoni. Umejifungia mwenyewe njia ya tiba ya kweli.

Na mchwa? Wale wa ardhini hupanda kutoka kwenye udongo kwa vijia vya tope, na trela iliyo juu ya magurudumu haiwahusu sana. Wanaoihusu ni mchwa wa mbao kavu, ambao huruka na kuingia kwenye ufa au kiungo, wakaishi ndani kwa ndani wakiacha chengachenga ngumu kama mchanga sakafuni. Hawa hawatembei juu ya oili yako. Wako chini yake.

Pia kumbuka kwamba hicho ni chumba cha kulala. Oili iliyokwisha kutumika ina masizi ya injini, chembe za metali na kemikali za jamii inayojulikana kusababisha saratani. Kumlaza mtoto ndani ya sanduku dogo lililofungwa, lenye joto la pwani na kuta zilizokunywa uchafu huo, ni jambo ambalo sitalinyamazia.

Basi ufanye nini? Fremu iwe mvule mkavu, au saipresi iliyolowekwa dawa ya borati kabla ya kuunganishwa. Borati huoshwa na maji, kwa hiyo lazima ifunikwe kwa rangi. Ngozi iwe plaiwudi ya marini ya kweli, milimita 6 ubavuni na 12 sakafuni. Ule ubao wa kahawia wa kumwagia zege sio, hata muuzaji auite marini. Omba kipande, kichemshe saa kadhaa, kikifumuka, rudisha. Hata ya kweli huoza: gundi yake haiogopi maji, mbao zake zinaogopa. Kila ukingo na kila tundu la skurubu linyweshwe epoksi mara mbili. Skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, chumvi ya hapa hula zile za chuma cha kawaida. Nje paka rangi nzito nyeupe, rangi ya giza huvuta joto na kufungua viungo. Toboa matundu ya kutolea maji katika pembe za chini, weka matundu ya hewa pande mbili, usitandike zulia. Usitegemee silikoni kuzuia maji yanayotuama. Yape mteremko yaondoke.

Chasisi mwachie mchomeleaji anayejua ekseli. Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 12 ina uzito wa kilo 20 hivi, kwa hiyo zihesabu kabla ya kununua, na pakia mizigo ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ilalie ndoano ya gari. Ikiwa nyepesi mbele, trela itayumba barabarani na kuvuta gari nayo. Isajili kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ipate nambari yake inayoanza na Z, na uweke taa na viakisi.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita, chukua sindano ya fundi udunge pembe zote za chini na chini ya madirisha. Panapolegea, kata kipande hicho mpaka ufike kwenye ubao mgumu, kausha, tia kipya kwa epoksi, kisha utafute maji yaliingilia wapi.