Baiskeli Nzima au ya Kuunga: Hesabu ya Milima ya Kabanga

Baiskeli mpya inayong'aa dukani Kasulu mjini haikutoka kiwandani ikiwa imekamilika. Imesafiri vipande vipande: fremu zimeviringishiwa karatasi, ringi zimefungwa mafungu, habu, pedeli na spoku zimepangwa kwenye maboksi, kwa sababu baiskeli iliyokwisha kuungwa hula nafasi kubwa mno melini na kwenye lori. Aliyeipa umbo ni fundi aliyekaa kwenye kibaraza cha duka na spana zake, nyundo, na kifaa kidogo cha kukazia spoku. Kwa hiyo mkulima wa Kabanga anayejiuliza anunue baiskeli nzima au aunge ya kwake ana maswali mawili ndani ya moja: nani achague vifaa, na nani akaze gurudumu.

Jibu langu nalitoa mapema. Kama huna fremu nzuri mkononi, nunua nzima. Kisha mpe fundi gurudumu la nyuma na friwili, yaani gia yenye meno ya nyuma, avifanye upya kwa kufuata mlima wako na mzigo wako. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Kabanga ninayoisema ni ya Kasulu, yenye hospitali ya misheni na chuo cha ualimu, siyo ile ya Ngara inayotajwa kwa nikeli. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyanda hizi za Waha zinapita mita 1,200. Kati ya shamba na soko hakuna tambarare ndefu. Unashuka hadi kijito, unapanda, unashuka tena. Barabara kuu ya Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo imekuwa ikijengwa kwa lami, lakini mihogo, ndizi na maharage hutoka kwenye njia za udongo mwekundu ambazo masika huzigeuza utelezi. Huko baiskeli ndiyo lori. Hubeba mkaa, mbao, matofali, madumu ya maji, na mara nyingine mgonjwa aliyefungwa kanga kiunoni asidondoke kwenye keria.

Tuanze na fedha, maana hapo hakuna siri. Ukinunua kila kifaa peke yake, kipya, jumla yake itazidi bei ya baiskeli nzima. Ndivyo ilivyo Kasulu, ndivyo ilivyo London: kiwanda hununua ringi na minyororo kwa maelfu, wewe unanunua moja. Lakini mkulima hapati fedha kwa mkupuo. Maharage yakiuzwa unanunua fremu, mahindi yakiuzwa unanunua ringi mbili, na mwakani inakuwa baiskeli. Hiyo ni akiba ya kweli, tena ngumu kuazimwa na ndugu. Simlaumu hata kidogo anayeunga kwa sababu hiyo, ila ajue kwamba analipia ile nafasi ya kulipa kidogo kidogo.

Sasa mlima. Chukua mwendeshaji wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20, na madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji, yaani kilo 80. Jumla ni kilo 165. Njia ikipanda mita 5 katika kila mita 100, uzito unaovuta kurudi nyuma ni sehemu ya ishirini ya jumla hiyo, kilo 8 na kidogo. Ongeza ukinzani wa tairi kwenye udongo mkavu, ambao tunaweza kuukadiria kwa kilo 3 na kidogo, upate kilo 11 na nusu hivi za kusukuma muda wote. Ni kidogo, utasema. Tatizo ni gia.

Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda mita 2.23. Baiskeli yenye meno 46 mbele na 20 nyuma inakwenda mita 5 na kidogo kwa kila mzunguko wa pedeli, ilhali mguu wenyewe umesafiri kama mita 1.07 tu. Baiskeli imekwenda karibu mara tano ya mguu, na kwa hiyo mguu lazima ukandamize karibu mara tano ya nguvu inayohitajika kwenye tairi: kilo 55. Na hiyo ni wastani. Pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa, kukandamiza hakuzungushi kitu, hivyo kazi karibu yote hufanyika pale kranki, yaani mkono wa pedeli, inapolala. Hapo mguu unadaiwa kilo 87. Mwenye kilo 65 akisimama juu ya pedeli moja kwa uzito wake wote bado hatoshi, mpaka avute hendeli kwa mikono miwili ajiongezee. Anaweza kufanya hivyo kwa mita chache. Baadaye anashuka na kusukuma kwa miguu, kama unavyowaona wote kwenye vilima vya Kabanga, na wanafanya sawasawa, kwa kuwa hesabu imewakataa.

Wengi hudhani baiskeli nyepesi ingewaokoa. Toa kilo 5 kwenye chuma cha baiskeli na umepunguza asilimia 3 tu ya mzigo mzima. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na vijana wa huku walioyafuatilia kwenye simu waliona baiskeli za kaboni zinazokaribia kilo 6.8, uzito wa chini unaoruhusiwa na chama cha dunia, UCI. Kwa mshindani anayepanda bila mzigo, kila kilo ina maana, na ndiyo sababu wapenzi wa baiskeli hizo hubishana usiku kucha kuhusu kuchagua kifaa kimoja kimoja. Kwa anayebeba madumu manne, fedha ya kupunguza uzito wa fremu ni fedha iliyotupwa. Aipeleke kwenye meno.

Badilisha friwili ya meno 20 uweke ya 22, na zile kilo 87 zinashuka hadi 79. Ukiweza kupata sproketi ya mbele ya meno 32 na friwili ya 24, zinabaki kilo 50, na mlima ule ule unapandika ukiwa umekaa kitini. Hasara ipo. Kwenye tambarare, kwa mizunguko 60 ya pedeli kwa dakika, yule wa kwanza anakwenda kilomita 18 kwa saa, wewe unakwenda kilomita kama 11. Kwa mtu ambaye njia yake ni milima mitupu na hulazimika kusukuma kwa miguu, naona ni biashara nzuri. Friwili ni kifaa cha bei ndogo na fundi huifungua kwa muda mfupi. Kununua baiskeli mpya bila kuuliza ina meno mangapi nyuma ni kuacha uamuzi mkubwa kuliko yote mikononi mwa kiwanda cha mbali.

Sehemu ya pili ni gurudumu la nyuma, na hapa naomba msomaji avute subira, kwani ndipo penye maajabu.

Spoku ni waya mwembamba. Ukiusimamisha na kuukandamiza, unapinda papo hapo. Inawezekanaje basi gurudumu la waya libebe sehemu kubwa ya kilo 165 bila kukunjamana? Siri yake ni kwamba spoku zote zimevutwa kabla ya mzigo kuja, zote zinaivuta ringi kuelekea kwenye habu. Mzigo ukikaa, spoku za chini kabisa, zile zinazotazama ardhi, hupoteza sehemu ya mvutano wake, na zilizobaki hazibadiliki sana. Upungufu huo ndio unaobeba. Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani, aliyaeleza haya kwa vipimo katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu gurudumu la baiskeli, akawashangaza wengi walioamini kwamba habu inaning'inia kwenye spoku za juu.

Kutokana na hilo mafundi wazuri hujua jambo ambalo wanunuzi hawalijui: spoku haikatiki kwa kukazwa, hukatika kwa kulegea. Gurudumu la inchi 28 huzunguka mara 4,500 hivi katika kilomita 10. Kila mzunguko, kila spoku inapungua mvutano na kurudi. Ikiwa imekazwa vya kutosha, inabaki imenyooka muda wote. Ikiwa imelegea, inapofika chini mvutano unaisha kabisa, shingo yake iliyopinda kwenye habu inachezacheza, na chuma kinachochezeshwa mara maelfu huchoka na kukatika pale pale shingoni. Ikikatika moja, jirani zake hubeba zaidi, nazo zinafuata. Mwenye baiskeli analaumu spoku mbovu, akanunua nyingine, akaziweka zikiwa zimelegea vile vile.

Mtazame fundi anayejua kazi yake. Anapindua baiskeli, inasimama kwa kiti na hendeli. Anazungusha gurudumu na kushika kipande cha chaki karibu na ringi. Panapopakwa chaki ndipo ringi imetoka nje. Kisha anagonga spoku kwa kidole moja baada ya nyingine na kusikiliza, kwa kuwa spoku hulia kama uzi wa gitaa: ikivutwa zaidi, sauti inapanda. Anachotafuta ni spoku za upande mmoja zilie sauti moja. Za upande wa friwili huwa zimesimama wima zaidi, nafasi ikiwa imeliwa na meno, kwa hiyo lazima zikazwe zaidi ya za upande wa pili ringi ipate kukaa katikati. Anazungusha nati robo, anaacha, anazungusha tena. Mwisho anazishika spoku mbili mbili na kuzibana kwa nguvu za viganja, zikae kwenye matundu yake. Asiyefanya hatua hiyo ya mwisho atakurudishia gurudumu lililonyooka leo na linalocheza wiki ijayo.

Wauzaji wa mkaa hupenda spoku nene, za geji 12, zenye milimita 2.6, badala ya za geji 14 zenye milimita 2. Unene husaidia shingoni, lakini spoku nene hunyumbuka kidogo, hivyo ringi ikizama kidogo tu mvutano wake unaisha upesi. Spoku nene zilizofungwa kivivu ni mbaya kuliko nyembamba zilizokazwa na mtu mwenye sikio. Cha maana zaidi ni idadi. Mtindo wa zamani wa Kiingereza, waliourithi Phoenix wa Shanghai na Hero wa Ludhiana, ulikuwa spoku 32 mbele na 40 nyuma, maana uzito uko nyuma. Ukikuta ringi ya nyuma yenye matundu 40 na habu inayolingana nayo, usiiache.

Urithi huo wa Kiingereza umetusaidia kwa namna nyingine. Hero, Phoenix na nyingi za aina yao zina vipimo vinavyokaribiana, kwa hiyo kipande cha moja mara nyingi huingia kwenye nyingine. Hata Swala, baiskeli ya NABICO ya Dar es Salaam wanayoikumbuka wazee, ilizaliwa katika ukoo huo. Kuunga kunawezekana vijijini kwa sababu ya ukoo huo tu. Leo baiskeli za mtumba kutoka nje, zenye gia nyingi na ringi za alumini, zimeingia, na mtu anadhani atachanganya apendavyo. Hapo fedha nyingi hupotea kwenye tairi. Tairi mbili zimeandikwa 26. Moja, ya 26 mara 1⅜, inakaa kwenye ringi ya milimita 590, nyingine, ya 26 mara 1.95, inakaa kwenye ringi ya 559. Hazibadilishani hata kwa nyundo. Vivyo hivyo 28: ya 28 mara 1½ ni milimita 635, lakini kuna ya 622 inayoitwa 28 pia. Puuza inchi. Ubavuni mwa tairi nyingi kuna namba mbili ndogo zenye kistari, kama 40-635. Ya pili ndiyo kipimo cha kweli, na lazima ifanane na ya tairi unayotoa.

Ringi za alumini zina sifa moja inayonifanya nizisemee. Breki ya mpira kwenye ringi ya chuma yenye kromu hupoteza sehemu kubwa zaidi ya nguvu zake ringi ikilowa kuliko kwenye alumini. Kilo 165 zikishuka mita 100, sehemu kubwa ya nishati ya kimo hicho lazima iishie kwenye breki. Wakati wa masika, mwenye ringi za chuma abane breki kidogo kidogo kabla hajaanza kushuka, maji yafutike, na mzigo ukiwa mkubwa ateremke kwa miguu.

Suala la mlima limewashughulisha wahandisi pia. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, hutengeneza baiskeli ya mizigo iitwayo Buffalo inayosambazwa Kenya, Zambia, Malawi na kwingineko. Mwaka 2023 walitoa yenye gia mbili: minyororo miwili, friwili mbili, hakuna waya wala kishikio cha kubadilishia. Mwendeshaji anarudisha pedeli nyuma kidogo na gia inabadilika. Wamekubali kwamba meno ya tambarare na meno ya mlima hayawezi kuwa yale yale.

Mpaka aina hiyo ienee milimani kwetu, fuata utaratibu huu. Nunua nzima kama huna fremu. Unga kama umerithi fremu isiyo na ufa kwenye maungio, hasa shingoni chini ya hendeli na pale kranki inapopita. Kwa vyovyote vile, mwambie fundi wako: “Fundi, niwekee friwili ya meno 22, na gurudumu la nyuma ulikaze mbele yangu.” Mlipe vizuri kwa muda huo. Ibebeshe baiskeli mzigo wa kawaida wiki mbili, kisha mrudishie lile gurudumu alisikilize tena, kwa sababu spoku mpya hukaa kwenye matundu yake baada ya kubeba, na hapo ndipo hulegea kwa mara ya kwanza.