Vipimo vya Fremu: Mnunuzi wa Baiskeli ya Mashindano Iliyotumika Apime Nini?

Miongoni mwa baiskeli za mitumba zinazouzwa katika miji ya Afrika Mashariki, huonekana pia baiskeli za mashindano ya barabarani, zenye matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Kijana anayetamani kushiriki mbio kama zile za ubingwa wa dunia, zilizofanyika Kigali mwezi Septemba 2025 kwa mara ya kwanza katika bara hili, aghalabu hana njia nyingine ya kupata chombo. Akiuliza ukubwa wa fremu, hujibiwa kwa namba moja tu: 54, au 56, au 58. Basi hutoa fedha alizozikusanya kwa miezi mingi, kiti hupandishwa au kushushwa mpaka miguu ifike, na biashara huwa imekwisha. Baada ya majuma machache mgongo huanza kuuma, mikono hufa ganzi, na fundi huitwa arekebishe. Lakini hakuna spana inayoweza kurefusha fremu wala kuifupisha.

Je, namba hiyo hupima nini? Kwa desturi ya watengenezaji wa fremu za chuma, ni urefu wa bomba la kiti, yaani lile linaloshuka kutoka chini ya kiti hadi kwenye ekseli ya pedali. Kipimo huanzia kitovu cha ekseli hiyo. Mahali kinapoishia ndipo watengenezaji wanapohitilafiana: wengine huishia katikati ya makutano ya bomba la kiti na bomba la juu, na wengine huendelea hadi ncha ya bomba la kiti. Tofauti ya njia hizo mbili huwa takriban sm 1.5, kwa hiyo fremu ile ile yaweza kuitwa 54 na mmoja na kuitwa 56 na mwingine. Waingereza nao walizoea inchi. Fremu yao ya inchi 21½ ni ya sm 54.6.

Hata hivyo, katika fremu za zamani namba hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu bomba la juu lililala sambamba na ardhi na sehemu nyingine zote zilifuata uwiano uliozoeleka. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990, wakati Mike Burrows, mbunifu wa Uingereza, alipoichorea kampuni ya Giant ya Taiwan fremu ya TCR, ambayo bomba lake la juu huteremka kuelekea kwenye kiti. Muundo huo ulienea upesi. Katika fremu ya namna hiyo bomba la kiti laweza kuwa na sm 50 tu, na bado baiskeli ikamfaa mtu aliyekuwa akipanda fremu ya 56, maana nguzo ya kiti huinuliwa zaidi. Mnunuzi anayeikataa kwa kuwa ni fupi, au anayeichukua kwa sababu yeye ni mfupi, wote wawili wamekosea.

Mwili wa mwendeshaji huigusa baiskeli mahali patatu: pedali, kiti na usukani. Urefu wa kiti kutoka kwenye pedali hurekebishwa kwa urahisi. Umbali wa usukani kutoka kwenye pedali, kwa kwenda mbele na kwa kwenda juu, hautegemei kiti hata kidogo, bali fremu yenyewe. Hapa vinahitajika vipimo viwili, ambavyo katika makala haya vitaitwa masafa na kimo. Masafa ni umbali wa mlalo kutoka kwenye mstari wa wima unaopita katika kitovu cha ekseli ya pedali hadi katikati ya kilele cha bomba la usukani. Kimo ni umbali wa wima kutoka kitovu hicho hadi kwenye kilele hicho hicho.

Wengi hudhani kwamba urefu wa bomba la juu watosha kuwa badala ya masafa. Hautoshi, na sababu yake ni somo zuri la tanjenti kwa wanafunzi. Zichukuliwe fremu mbili zenye kimo cha sm 55 kila moja. Katika kila moja, umbali wa mlalo kutoka kilele cha bomba la usukani hadi kwenye mstari wa bomba la kiti ni sm 55. Tofauti ni moja tu: bomba la kiti la fremu ya kwanza limeinama kwa nyuzi 72 kutoka kwenye mlalo, na la pili kwa nyuzi 74. Sehemu ya ule mlalo iliyo nyuma ya ekseli ya pedali ni kimo kugawanywa kwa tanjenti ya pembe. Kwa fremu ya kwanza ni 55 ÷ 3.078, yaani sm 17.9, kwa ya pili ni 55 ÷ 3.487, yaani sm 15.8. Kwa hiyo masafa ya fremu ya kwanza ni sm 37.1, na ya pili ni sm 39.2. Nyuzi mbili, ambazo jicho haliwezi kuziona sokoni, zimeleta tofauti ya sm 2.1.

Sentimita mbili ni nyingi. Shina la usukani laweza kubadilishwa kwa fupi zaidi, lakini likifupishwa mno usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Kukisogeza kiti mbele ili kuukaribia usukani ni kosa baya zaidi, kwani huharibu nafasi ya goti juu ya pedali.

Masafa na kimo hupimwa bila ya kifaa cha ghali. Baiskeli isimamishwe wima kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yote mawili yakiwa yamejazwa upepo, na gurudumu la nyuma liguse ukuta. Kwa utepe na timazi la mwashi, upimwe umbali kutoka ukutani hadi kitovu cha ekseli ya pedali, kisha hadi kilele cha bomba la usukani. Ikiwa wa kwanza ni sm 74.5 na wa pili ni sm 112.7, masafa ni sm 38.2. Vivyo hivyo kutoka sakafuni: ikiwa ekseli iko sm 27 juu na kilele kiko sm 82, kimo ni sm 55. Matokeo yalinganishwe na vipimo vya baiskeli ambayo mnunuzi ameipanda kwa saa kadhaa bila maumivu.

Asiye na baiskeli ya kulinganisha aweza kuanza na kanuni iliyojulikana kwa jina la Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa Tour de France ya 1986, 1989 na 1990. Urefu wa mguu kwa upande wa ndani, kutoka msamba hadi sakafuni bila viatu, ukizidishwa kwa 0.883 hutoa umbali kutoka kitovu cha ekseli hadi juu ya kiti. Mguu wa sm 83 hutoa sm 73.3. Hiyo ni kanuni ya miguu. Kuhusu kiwiliwili na mikono haisemi neno.

Yako pia maswali ya vipuri. Baiskeli nyingi nyeusi za mizigo zina rimu za inchi 28 ambazo kipenyo cha kukalia tairi ni mm 635, ilhali cha baiskeli ya mashindano ya kawaida ni mm 622. Matairi yao hayabadilishani. Nafasi kati ya ncha za uma wa nyuma ni mm 126 katika fremu nyingi za gia sita au saba, na mm 130 katika zile zilizofuata zenye breki za rimu. Fundi hodari aweza kuupanua uma wa chuma. Wa aluminiamu au wa nyuzi za kaboni usiguswe.

Mwisho, fremu iliyopata ajali huwa imepinda. Uzi ufungwe kwenye ncha moja ya uma wa nyuma, upitishwe mbele ya bomba la usukani na kurudishwa hadi ncha ya pili, kisha ipimwe nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, upande wa kulia na wa kushoto. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, bei yoyote ni kubwa.